Admin ni Nani?

Na Zawadi Kamau

Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba aliniita wiki jana. Stoo yake ya ghorofani ilikuwa imeibiwa usiku, na kamera zake nne hazikuwa na picha yoyote ya kati ya saa saba na saa tisa. (Nasema kamera za ulinzi, si zile nguo bora ziitwazo kamera sokoni, zinazogombewa alfajiri bale likifunguliwa.) Stima haikupotea. Intaneti ya majirani haikukatika. Ni matundu manne tu ya swichi, yale yanayopeleka picha kwenye mashine ya kurekodi, yaliyozimwa kisha yakawashwa tena.

Swichi ni kile kisanduku ambamo nyaya zote za mtandao wa jengo hukutana. Ya jengo lile iko juu ya ngazi, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli kubwa. Lakini mwizi wa sasa hahitaji kuvunja kufuli hiyo. Mwenye jina na nywila anaweza kuingia akiwa kwake Kayole, akazima tundu analotaka na kulala. Swichi yenyewe ilikuwa imeweka kumbukumbu ya usiku ule, na fundi alitusomea: aliyezima ni "admin".

"Mwanangu, admin ni nani?" mama akaniuliza.

Ni fundi wa sasa. Ni yule aliyefunga nyaya mwaka juzi. Ni mwenzake aliyeacha kazi kwa ugomvi wa malipo. Ni msimamizi wa jengo. Wote walitumia jina moja na nywila moja, iliyoandikwa kwa wino mzito ndani ya mlango wa sanduku. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Je, polisi atamshika nani kati ya hao wanne?

Kila anayegusa swichi awe na akaunti yake. Hili halihitaji pesa nyingi. Swichi za Cisco, kwa mfano, zina ngazi za mamlaka kuanzia 0 hadi 15, na kijana anayekuja kuangalia kama kebo iko hai hana haja ya 15. Akiacha kazi, akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo. Kampuni zenye swichi nyingi huweka akaunti za mafundi kwenye seva moja, na huo ni utaratibu mzuri. Hata hivyo lazima ibaki akaunti moja ndani ya swichi yenyewe, kwa sababu waya ukikatwa seva haifikiki. Nywila ya akaunti hiyo iwe ndefu, ifungwe kwenye bahasha, na bahasha ikifunguliwa nywila ibadilishwe.

Gikomba ina hatari yake ya pekee. Soko limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Baada ya moto watu hujenga upya mbio ili wasikose siku ya mauzo, na kisanduku kipya huning'inizwa kikiwa na nywila ya kiwandani. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, ikipitia Telnet, njia isiyoficha nywila hata kidogo. Uingereza imepiga marufuku tangu Aprili 29, 2024 uuzaji wa vifaa vya nyumbani vya intaneti vinavyotoka kiwandani vyote na nywila moja. Sisi tungali tunavinunua.

Fundi anarudi Jumatatu. Mama ameandika maswali yake nyuma ya daftari la madeni: akaunti ni ngapi, ni za nani, na ya yule aliyeacha kazi ilifutwa lini.