Kisasili si Uongo wa Kale: Hoja ya Kuufikiria Upya Utanzu Uliopuuzwa

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika kumbi za mihadhara, lakini ni nadra mtu kuuliza asili yenyewe hujulikanaje na ni nani aliyepewa idhini ya kuisimulia. Swali hilo ndilo kiini cha kisasili, utanzu ambao hata jina lake limetokana na neno asili. Ajabu ni kwamba utanzu huu unaobeba maswali mazito zaidi ya binadamu ndio unaopewa nafasi finyu darasani. Mwanafunzi hufunzwa kwamba visasili ni hadithi zilizobuniwa na watu wa kale ili kueleza mambo waliyoshindwa kuyaelewa. Hukariri sifa tano au sita, akazimwaga katika karatasi ya mtihani, kisha akaendelea na hurafa na usuli. Makala haya yanashikilia kwamba fasili hiyo ina kasoro, na kwamba madhara yake yanapita mipaka ya mtihani.

Kasoro ya kwanza ni kukichukulia kisasili kuwa sayansi iliyoshindwa. Mtazamo huu ulienezwa na wataalamu wa Uingereza wa karne ya 19, wakiwemo Edward Tylor na James Frazer, ambao waliziona fikra za binadamu kana kwamba zinapanda ngazi, huku sayansi ya Ulaya ikiwa kileleni na masimulizi ya watu wengine yakiwa chini. Mtazamo huo haustahimili hata mfano mmoja wa nyumbani. Chukua kisa cha kinyonga, ambacho husimuliwa na jamii nyingi za Kibantu kuanzia Wakikuyu hadi Wazulu. Mungu anamtuma kinyonga awapelekee wanadamu habari kwamba hawatakufa. Kinyonga anajikokota, au anafika na kugugumiza maneno. Kiumbe mwingine, ndege katika matoleo mengine na mjusi katika mengine, anawahi na habari ya kifo, na neno lililotangulia kutamkwa ndilo linalodumu.

Je, msimulizi wa kisa hiki alikuwa akitafuta sababu ya kitabibu ya kifo? La hasha. Alijua kama tunavyojua kwamba watu huuawa na maradhi, njaa, vita na uzee. Kisa chake kinahusu neno na wakati wake: kwamba ujumbe mwema uliochelewa ni sawa na ujumbe ambao haukutumwa, na kwamba neno likishatamkwa halirudishiki kinywani. Hiyo ni falsafa ya lugha. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kisa hiki ni jaribio la kale la kueleza kifo hunyimwa fikra iliyomo ndani yake.

Kasoro ya pili ni kusahau kwamba visasili hufanya kazi. Mnamo 1926, Bronislaw Malinowski, aliyekuwa amefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, alitoa hoja kwamba kisasili ni mfano wa hati: huhalalisha haki, mila na madaraka ya wanaokisimulia. Mmoja wa wanafunzi wake jijini London alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake Facing Mount Kenya kilichapishwa mnamo 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski mwenyewe. Humo mnasimuliwa jinsi Gikuyu alivyoonyeshwa nchi na Ngai kutoka mlimani, akapewa Mumbi awe mkewe, wakaishi Mukurwe wa Nyagathanga na kuzaa mabinti tisa ambao ndio chimbuko la koo. Kisa hicho hakikuchapishwa kwa ajili ya kuwaburudisha wasomaji. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter itoe ripoti yake mnamo 1934. Walowezi walikuwa na hati miliki za karatasi. Walionyang'anywa walijibu kwa hati ya simulizi.

Hata hivyo, hati hiyo hiyo ina upande wa pili. Inasimulia kwamba hapo awali wanawake ndio waliotawala, hadi wanaume walipopanga njama ya kuwapindua wakati wengi wao walipokuwa wajawazito. Koo zikabaki na majina ya wanawake, mamlaka yakaenda kwa wanaume. Kwa hivyo kisasili kimoja kiliweza kuitetea jamii nzima mbele ya mkoloni na papo hapo kuhalalisha utiifu wa nusu ya jamii hiyo kwa nusu nyingine. Mhakiki asiyeuliza kisasili kinamnufaisha nani ameishia mlangoni.

Mfano ulio karibu zaidi na mwanafunzi wa Kiswahili ni kisasili cha Washirazi wa Kilwa. Kisa hiki kimehifadhiwa katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, katika maandishi ya Kireno ya João de Barros yaliyochapishwa mnamo 1552, na katika masimulizi ya Kiswahili yaliyonakiliwa baadaye. Matoleo yanatofautiana, lakini mkondo wa tarehe ya Kiarabu ni huu: mgeni mwenye asili ya Shirazi huko Uajemi anafika kwa jahazi, anamkuta mwenyeji anayekimiliki kisiwa, na anakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwenyeji anahamia bara. Anapokusudia kurudi ili amwondoe mgeni, anakuta kivuko kilichokuwa kikipitwa kwa miguu maji yanapokupwa kimegeuka kuwa mkondo usiokauka. Katika toleo la Kiswahili mwenyeji huyo anaitwa Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake.

Kwa muda mrefu, wanahistoria wa kikoloni walikishika kisa hiki kama ushahidi kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa kutoka ng'ambo. Baada ya uhuru, wasomi walikipinga kwa haki kabisa. Mnamo 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha kwa ushahidi wa isimu kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo, na kwamba jamii ya Waswahili ilichipuka katika ardhi hii. Wengi wakahitimisha kwamba habari ya Washirazi ni hadithi tu. Kisha mnamo 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya kale vya watu 80 waliozikwa katika eneo hili, wengi wao katika miji ya kale ya pwani. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kuanzia karibu na mwaka 1000 wazawa wa Afrika walichanganyika na watu kutoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kwa kiasi kikubwa nasaba ya Kiafrika ilipitia kwa akina mama na ile ya Kiajemi kwa akina baba.

Ni rahisi kushangilia kwamba kisasili kimethibitishwa. Lakini hata kama vinasaba visingeonyesha tone la damu ya Uajemi, kazi ya kisasili ingebaki pale pale. Nguo zinadai kwamba kisiwa kilipatikana kwa bei, si kwa unyang'anyi. Ndoa inadai kwamba watoto ni warithi halali wa pande zote mbili. Mkondo unaeleza umbali uliokuja kuwapo baina ya mji na bara. Zaidi ya yote, kisa kinakiri jambo ambalo walowezi wa karne ya 20 walikataa kukiri, yaani kwamba mgeni aliikuta ardhi ikiwa na mwenyewe. Huko Unguja na Pemba jina hilo lilikuja kupewa kazi mpya kabisa. Wengi waliojiita Washirazi walilitumia kudai kwamba wao ndio wenyeji wa visiwa, na mnamo 1957 jina hilo likaingia katika chama cha Afro-Shirazi. Jina la mji wa Uajemi likawa ushahidi wa uenyeji wa Afrika! Hakuna orodha ya sifa inayoweza kumweleza mwanafunzi mgeuko huo.

Huenda msomaji akapinga kwamba kuvitukuza visasili ni kufungulia mlango uongo. Pingamizi hilo lina uzito, na historia ya eneo la Maziwa Makuu ndiyo inayolipa uzito huo. Mnamo 1863 mvumbuzi John Speke alichapisha dhana kwamba watawala wa eneo hilo walikuwa kizazi cha wavamizi waliotoka Ethiopia. Dhana ya Wahamiti, iliyoegemea kisa cha Hamu mwana wa Nuhu, ikavikwa joho la sayansi, ikafundishwa shuleni na kuingia katika utawala wa kikoloni. Huko Rwanda, dhana hiyo iliyokuwa imewatukuza Watutsi iligeuzwa kuwa hoja ya kuwaita wavamizi, na ikawa miongoni mwa silaha za maneno zilizotumiwa kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Basi kisasili kilichokuwa hatari zaidi katika eneo letu hakikusimuliwa na ajuza kando ya moto. Kiliandikwa vitabuni na watu waliojiona kuwa wamekwisha kuvuka enzi ya visasili. Kukichukua kisasili kwa uzito si kukiamini. Ni kukitambua kinapopita, hata kikiwa kimevaa tai.

Hapa ndipo ufundishaji unapohitaji kubadilika. Badala ya kuuliza tu sifa za visasili, mtahini amtake mwanafunzi alinganishe matoleo mawili ya kisasili kimoja na kueleza ni nani anayenufaika kwa kila toleo. Watafiti wa nyanjani wanukuu jina la ukoo, umri na jinsia ya msimulizi, kwa sababu kisa cha Mumbi kinaposimuliwa na bibi huenda kikawa na mkazo tofauti na kinaposimuliwa na babu. Aidha, mhadhiri anayefundisha Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi akumbuke kwamba riwaya hizo zinazosuka upya visasili haziwezi kumfungukia msomaji aliyefunzwa kwamba kisasili ni ujinga wa kale.

Taifa ambalo siasa zake hugawa watu kuwa wenyeji na wageni, na ambalo lilishuhudia matokeo ya mgawanyiko huo katika ghasia za 2007 na 2008, haliwezi kumudu wasomi wasioweza kusoma masimulizi ya asili. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini anayeipokea asili bila kuuliza ni nani aliyeisimulia, na kwa faida ya nani, naye pia ana bwana wake.