Msiite Kelele Gitaa Liliapo Kama Njuga

Wiki mbili zilizopita nilikaa barazani na wazee wenzangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Isha, na mazungumzo yakaangukia muziki wa vijana. Mmoja wetu, mtu ninayemheshimu sana, akapitisha hukumu kwa neno moja: kelele. Muziki wa Kizungu wa magitaa, alisema, aliyesikia mmoja amesikia yote. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, maana kikombe cha kahawa kilikuwa mkononi na usiku ulikuwa umekwenda. Lakini kunyamaza kwangu kumenikera hata leo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sitaki msomaji anidhanie mjuzi. Hukumu ya yule mzee ndiyo iliyokuwa yangu hadi mwaka 1986. Mwaka huo mpwa wangu alirudi likizo kutoka Marekani, alikokuwa akisoma chuo kikuu, na zawadi kubwa aliyokuja nayo ilikuwa mkoba wa kaseti. Asubuhi hadi jioni kaseti zinalia. Siku ya tatu nikamwambia apunguze, majirani watasema nini. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, keti kwanza usikilize nyuzi peke yake. Maneno yaache, hata wenyewe Wamarekani hawayasikii."

Na kweli maneno hayakusikika. Kaseti yenyewe ilikuwa Murmur, ya bendi ya R.E.M., iliyotolewa mwaka 1983. Mwimbaji wao, Michael Stipe, siku hizo alikuwa akiimba kama mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili. Basi sikio halikuwa na pa kwenda ila kwenye gitaa. Nikasikia gitaa halingurumi wala halipigi mayowe kama nilivyotarajia. Lilikuwa likilia kama njuga, kama vikuku vya fedha vinapogongana mkononi mwa bibi harusi. Nikamwuliza, "Mbona kama kanuni?" Mpwa wangu akacheka.

Hebu niwaeleze mlio huo watoka wapi, maana una historia yake. Mwezi wa Februari 1964 Beatles walipofika New York kwa mara ya kwanza, mwenye kiwanda cha magitaa cha Rickenbacker, cha huko California, aliwapelekea gitaa la umeme lenye nyuzi kumi na mbili. George Harrison alikuwa mgonjwa, amelala hotelini, lakini gitaa hilo likawa lake. Mwaka huo huo akalipiga katika filamu yao ya A Hard Day's Night. Kijana mmoja wa Kimarekani, Roger McGuinn, akaenda kuitazama filamu hiyo, naye asitulie mpaka alipopata gitaa la namna hiyo. Mwaka 1965 bendi yake, The Byrds, ikautoa Mr. Tambourine Man, wimbo wa Bob Dylan, ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza pia. Studioni mafundi waliipitisha sauti ya gitaa lile katika chombo kinachobana mlio mkubwa na kuuinua mdogo, hata mlio usife upesi. (Katika bendi nzima ni McGuinn peke yake aliyeruhusiwa kupiga ala katika santuri hiyo, waliobaki walikuwa wapigaji wa kukodiwa. Mambo hayo hayakuanzia kwetu.)

Siri yenyewe imo katika kupangwa kwa nyuzi. Zimekaa mbili mbili, jozi sita. Jozi mbili nyembamba kabisa hulinganishwa sauti moja. Nne zilizobaki, uzi mmoja ni mnene na mwenzake hulia sauti ile ile lakini ya juu, kama mtu mzima na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Sasa, hakuna mkono wa binadamu uwezao kulinganisha nyuzi mbili zikawa sawa sawa kabisa. Hubaki tofauti ndogo kama unywele, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya sauti itetemeke na kumeremeta. Uzuri wake watokana na kasoro.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda Marekani kulifahamu jambo hilo. Udi (nasema udi wa nyuzi, si wa kufukiza) kwa kawaida una nyuzi kumi na moja: jozi tano, na uzi mmoja mnene unaosimama peke yake. Kanuni ndiyo imezidi, kila sauti moja ina nyuzi tatu. Na ile taishokoto iliyotia ladha nyimbo za Zuhura Swaleh, ambayo ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, nayo ina nyuzi kadhaa zilizolinganishwa sauti moja, unabonyeza vitufe kama vya taipu kwa mkono mmoja na kuzipiga kwa mwingine. Waingereza wenyewe wana ala waiitayo lute, na jina hilo ni al-ud, lililofika Ulaya na Waarabu. Kwa hiyo mzee wangu wa barazani anapoyaita yote hayo kelele, aangalie asije akamtukana mjomba wake.

Peter Buck wa R.E.M., kwa hakika, hakutumia sana nyuzi kumi na mbili. Lake lilikuwa Rickenbacker la nyuzi sita. Badala ya kuzipiga zote kwa pamoja alizidonoa mmoja mmoja, akiziacha zisizobanwa na vidole ziendelee kulia chini ya nyingine. Johnny Marr wa bendi ya The Smiths, mtoto wa wahamiaji wa Kiayalandi pale Manchester, alikwenda njia nyingine: alirekodi gitaa juu ya gitaa mpaka moja likasikika kama kundi zima. Mimi kati ya hao wawili humpenda Marr zaidi, ingawa mpwa wangu hakubali mpaka leo.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha maneno yote haya. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa Murmur, kiwanda cha Yamaha cha Japani kilianza kuuza kinanda cha umeme kiitwacho DX7. Dunia nzima ikakimbilia vinanda. Kibao kimoja kingeweza kutoa kengele, tarumbeta, chochote utakacho. Wakati huo huo vijana wasio na kitu, wengi wao wanafunzi, wakarudi kwenye gitaa la miaka ishirini nyuma. R.E.M. walianzia Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, mwaka 1980. Waliowapigia nyimbo zao kwanza ni idhaa ndogo za vyuoni, zinazoendeshwa na wanafunzi wenyewe bila kutegemea matangazo ya biashara. Mwisho wa mwaka 1983 wahakiki wa gazeti la Rolling Stone waliiweka Murmur mbele ya Thriller ya Michael Jackson. Hao vijana hawakushindwa na wakati. Waliutazama wakati usoni, wakachagua.

Sikatai kwamba walioiga walikuwa wengi, na wengi wao hafifu. Mwaka 1986 gazeti la NME la Uingereza lilitoa kaseti iliyoitwa C86, nyimbo ishirini na mbili za bendi changa, na baadhi yao nyuzi zinalia lakini wimbo haumo. Wala sisemi kila neno la nyimbo hizo lafaa kuimbwa mbele ya watoto. Nazungumzia mikono na nyuzi.

Sisi je, tulichagua? Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyeupiga udi hapa Mombasa hata ukasema, alifariki mwaka 2016. Mwaka jana nilialikwa harusini Kibokoni. Penye jukwaa palikuwa na kijana mmoja, kinanda kimoja na spika mbili kubwa kama makabati. Alipofika mahali pa udi akabonyeza kitufe, udi ukalia. Kila sauti ilitoka imenyooka, ya kwanza kama ya mia. Watu walicheza, sikatai, na kijana mwenyewe ana vidole vyepesi. Lakini nilirudi nyumbani na njaa ambayo biriani haikuiondoa.

Kwangu ukutani umetundikwa udi wa marehemu ami yangu, Mungu amrehemu. Alipokufa niliutundika na kupiga marufuku mtu kuugusa. Mwaka ule wa 1986 mpwa wangu aliutazama, akaniuliza, "Mjomba, udi wa babu una nyuzi ngapi?" Nikashindwa kujibu. Mimi niliyelelewa na sauti ile usiku hata usiku, sikuwa nimepata kuzihesabu nyuzi zake. Tukauteremsha tukahesabu vigingi, kumi na moja, na nyuzi tatu tu zilizobaki, zenye vumbi na zisizofaa. Tukaurudisha ukutani. Likizo ikaisha, yeye akaenda zake.

Miaka yote hiyo nimewalaumu vijana kwa kuuacha udi, na udi wenyewe niliufungia mimi.

Juzi nikamwita yule kijana wa kinanda. Akaja amevaa kanzu safi, nadhani alifikiri kuna harusi. Nikamwonyesha udi, nikamwambia hauuzwi, lakini waweza kuupiga hapa barazani, jioni, akitaka. Akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akagonga tumbo lake kwa kidole akasikiliza. Akaniuliza kama mbao zitastahimili nyuzi mpya. Fundi atautazama Jumamosi. Yule mzee wangu nimemwambia aje siku ya kwanza, na nimemwahidi kahawa.