Aibu Yetu Ndiyo Mtaji wa Wakusanya Madeni

Ndugu zangu wa DC, Maryland na Virginia, nanyi mlioko nyumbani,

Msiba ukitokea leo Silver Spring au Hyattsville, kabla ya watu kulala kamati imeshaundwa, na baada ya siku chache dola za kusafirisha mwili zimepatikana. Hilo tunaliweza, na ni la kujivunia. Lakini marehemu huyo huyo, alipokuwa hai na bili ya hospitali ya dola 30,000 imefichwa chini ya godoro, alimwambia nani? Hakuna. Alibadilisha namba ya simu na kuongeza shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Hivi huu ni ustaarabu gani?

Mimi nasema wazi: deni linatuumiza, lakini aibu inatuumiza zaidi, na wakusanya madeni wanaijua vizuri.

Najua ilikotoka. Kwetu bili ya hospitali imekuwa kifungo. Kinamama wawili waliojifungua hospitali ya Pumwani, Nairobi, walizuiliwa pale kwa kushindwa kulipa. Ilibidi waende Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2015 ilitamka kuwa haki zao za kikatiba zilivunjwa. Sasa mtu aliyekulia huko akipigiwa simu na sauti kali ya Kimarekani, anaona pingu.

Jamani, hapa hufungwi kwa sababu huna pesa ya hospitali! Sheria ya mwaka 1977 inamkataza mkusanya madeni kukutishia kifungo, au kukupigia kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa tatu usiku. Inakupa siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, naye athibitishe. Kinachotumaliza ni kutupa barua ya mahakama bila kuifungua. Usipotokea, hukumu inatoka bila wewe, na mshahara unaweza kukatwa hadi robo ya kinachobaki baada ya kodi. Maryland ukiitwa baada ya hukumu kueleza mali zako ukakaidi, jaji anaweza kuagiza ukamatwe. Hapo kosa ni kukaidi amri, si deni.

Na kabla hata ya kufika huko, wangapi wameomba msamaha wa bili? Tangu sheria ya afya ya mwaka 2010, hospitali zisizo za faida lazima ziwe na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na zipokee maombi hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza. Maryland, kama kipato cha familia hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, matibabu ya lazima ni bure, na hospitali hairuhusiwi kukunyima kwa ajili ya makaratasi ya uhamiaji. Sisi tunakimbilia kadi ya mkopo kulipa bili ambayo ingefutwa kwa fomu!

Halafu kuna neno ambalo tukilisikia tunashika vichwa: bankrapsi. Mtu atakwambia ni mambo ya walioshindwa maisha. Kampuni za kasino za Donald Trump zilikimbilia kinga hiyo mara kadhaa kuanzia mwaka 1991, na mwenyewe akaja kukaa Ikulu. Wewe mbeba boksi wa Langley Park unaona haya kupanda ngazi za mahakama ya Greenbelt? Ukifungua kesi, simu, madai na makato ya mshahara kwa deni hilo vinasimama. Chini ya Sura ya 7, deni la hospitali kwa kawaida hufutwa.

Sisemi ni sukari. Rekodi yake hukaa miaka 10, tangu mwaka 2005 kipato chako kinapimwa kwanza, na mkopo wa chuo ni vigumu kufutwa. Anayesubiri green card amwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, maana kanuni iliyotumika kati ya 2020 na 2021 iliihesabu bankrapsi dhidi ya mwombaji.

Lakini penye hatari hasa kwetu ni kwingine. Kile kiwanja cha Kigamboni ulichokinunua kwa jina la mama, kitaje. Fomu inauliza mali popote ulimwenguni, na kuficha ni jinai ya hadi miaka mitano jela. Pia tuna tabia ya kumlipa ndugu kwanza, ndipo twende mahakamani. Ukimrudishia kaka yako dola 4,000 leo, ukafungua kesi kabla ya mwaka kwisha, msimamizi wa mahakama anaweza kumfuata kaka yako azirudishe. Heshima uliyotaka kuilinda inageuka ugomvi wa ukoo, simu zinapigwa mpaka Moshi.

Viongozi wa jumuiya, mnakodi ukumbi kila Desemba kwa sherehe ya Uhuru, na hotuba hazikosekani. Safari hii mleteni mwanasheria wa bankrapsi, apewe saa nzima kabla muziki haujaanza, na kila mtu aje na bahasha zake ambazo hajazifungua.