Samaki Wanajikuna Bwawani: Usikimbilie Dawa, Anza na Vifaranga

Swali linalojirudia kwenye simu za kipindi chetu cha wakulima ni hili: "Samaki wangu wanajisugua kwenye kingo za bwawa, nitie dawa gani?" Linakuja wakati ufugaji wa samaki unazidi kuenea Kanda ya Ziwa. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za uvuvi na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Wanaochimba mabwawa nao wanaongezeka, na kila mmoja anatafuta vifaranga.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mara nyingi vimelea wa ngozi huingia bwawani ndani ya ndoo au mfuko wa vifaranga.

Kwanza, hakikisha ni vimelea. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, kisha wakapata nafuu jua likipanda, huenda maji yamepungukiwa hewa. Punguza chakula na ongeza maji safi. Lakini wakijisugua mchana kutwa, wakakataa kula na ngozi ikawa na ute mwingi, shuku vimelea.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ni ugonjwa wa madoa meupe. Kidudu bapa kinachotembea juu ya ngozi ni chawa wa samaki. Kitu kama uzi kinachoning'inia, chini yake pana kidonda chekundu, ni kimelea aliyejichimbia nyamani kama nanga. Wengine hawaonekani bila hadubini, kwa hiyo mpelekee afisa uvuvi samaki aliye hai, si aliyeoza.

Kwa nini dawa ya siku moja haitoshi? Kimelea wa madoa meupe hukaa chini ya ngozi, ambako dawa haimfikii. Akikomaa huanguka chini, hujigawa na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki. Hao ndio wanaouawa. Kwenye maji ya joto kama yetu, mzunguko huo huchukua wiki moja au pungufu, hivyo tiba lazima irudiwe.

Chumvi ya kawaida husaidia dhidi ya vimelea wengi wadogo. Kwa vifaranga wa sato, weka gramu 200 kwenye ndoo ya lita 20 na uwaogeshe wachache wachache, si zaidi ya dakika 20. Simama hapo hapo. Wakianza kulala ubavu, watoe mara moja.

Kutibu bwawa zima ni hesabu nyingine. Bwawa la mita 10 kwa 20, lenye kina cha mita moja, lina lita 200,000. Ukiweka gramu moja tu kwa lita, unahitaji kilo 200 za chumvi. Kwenye kizimba ni vigumu zaidi, maana dawa huondoka na maji.

Usitie dawa ya kuulia wadudu wa mazao kwa kukisia. Inaweza kuua samaki wote na kubaki kwenye mboga yako. Malakaiti ya kijani, ambayo huuzwa kwa samaki wa mapambo, imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa Ulaya na Marekani kwa sababu ya afya ya mlaji. Vimelea tuliowataja hawamwambukizi mtu, ila dawa mbaya inaweza kumdhuru.

Kwa hiyo, msikilizaji, kinga iko sokoni. Omba kuona vifaranga kabla ya kulipa. Watenge wiki mbili kwenye tangi au kibwawa kidogo. Usiazime wavu wa jirani bila kuukausha juani. Ukishavuna, kausha bwawa na nyunyiza chokaa.

Wanaogawa vizimba na mikopo nao wana wajibu: vifaranga vikaguliwe kabla ya kusafirishwa. Samaki wakifa, deni la mfugaji halifi.