Kabla ya Kumwita Fundi Umeme

Wanafunzi wangu wa tiba ya usingizi hucheka ninapowaambia kwamba walimu wa walimu wetu walivaa viatu maalumu chumbani mwa upasuaji ili umeme tuli wa miili yao ushuke sakafuni taratibu, bila kutoa cheche. Etha na saiklopropeni, dawa za usingizi za enzi hizo, ziliwaka. Cheche ya shuka tu iliweza kulipua mashine pamoja na mapafu ya mgonjwa. Kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kanuni za Marekani zilihesabu chumba kizima, kuanzia sakafuni hadi kimo cha futi 5, kuwa eneo la hatari, na soketi za kawaida hazikuruhusiwa humo. Halothani, isiyowaka, ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1956, hofu hiyo ikaanza kututoka. Nadhani imetutoka kupita kiasi.

Mwaka 2020, kama hospitali nyingine nyingi, nasi tulijitengenezea vitakasa mikono kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli, haidrojeni peroksaidi, glaseroli na maji. Chumba kilikuwa stoo ya zamani iliyopakana na wodi ya watoto. Alasiri moja nilimkuta msaidizi akimimina ethanoli kutoka pipani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na chini ya meza imelazwa ekstensheni inayochaji simu mbili. Hakikutokea kitu. Lakini mchanganyiko ule, wenye ethanoli asilimia 80, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukifikia nyuzijoto 17.5 za Sentigredi, na nyumba za Dar es Salaam hazifikii ubaridi huo hata usiku wa Julai. Mvuke nao ulikuwa ukishuka palepale ilipolala ekstensheni.

Tulimwita fundi umeme, naye akauliza swali la haki: hatari inaanzia wapi na kuishia wapi? Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumebandika picha ya moto kwenye pipa, tukasahau kwamba kinacholipuka ni hewa iliyochanganyika na mvuke, wala si pipa.

Viwango vya kimataifa huigawa hewa hiyo katika kanda tatu. Kanda 0 ni pale mvuke unapokuwapo daima au kwa muda mrefu, mfano ndani ya pipa, juu ya kimiminika. Kanda 1 ni pale unapotarajiwa mara kwa mara katika kazi ya kawaida, kama kandokando ya mdomo wa pipa wakati wa kumimina. Kanda 2 ni pale usipotarajiwa, na ukitokea hudumu kitambo kidogo, tuseme chupa imepasuka. Kifaa cha umeme huchaguliwa baada ya hapo. Vumbi nalo lina kanda zake, 20, 21 na 22, maana wanga, sukari na laktosi ya kutengenezea vidonge huweza kulipuka zikitimka hewani. Mwaka 2003, huko Kinston, Marekani, vumbi laini la plastiki lililojikusanya juu ya dari ya kiwanda cha vifaa vya mpira vya kutolea dawa lililipuka na kuua watu sita.

Maoni yangu ni kwamba ramani ya kanda hizo isiachiwe fundi peke yake. Fundi anajua swichi. Mfamasia ndiye anayejua ni lita ngapi zinamiminwa, mara ngapi kwa siku, na dirisha lipi halifunguki. Wakae pamoja, wachore, watie sahihi. Sisi ilituchukua asubuhi moja. Swichi ilihamishiwa nje ya mlango, simu zikapigwa marufuku, matundu ya hewa yakatobolewa karibu na sakafu, na akiba ya ethanoli ikahamishwa mbali na wodi.

Tunachobishania hadi leo ni feni ya kutolea hewa. Ni feni ya kawaida ya dukani. Aliyeinunua alitazama bei, wala hakuna aliyemwambia kwamba mvuke wote wa chumba utapita kwenye mota yake.