Bunduki ya urithi bila risasi: Tatizo linalohitaji uamuzi

MZEE anapofariki dunia Kawe na kuacha bunduki ya kuwindia, familia hujiuliza kwanza ni nani atakayeimiliki. Swali hilo lina majibu ya kisheria: silaha hukabidhiwa Polisi, na anayeitaka huomba leseni kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa leseni ya silaha hairithiwi kama shamba. Swali la pili ndilo gumu zaidi. Iwapo bunduki hiyo ni ya kipimo kisicho cha kawaida, risasi zake zitapatikana wapi?

Wenye bunduki za marisau au za vipimo vinavyotumiwa sana na wawindaji, kama .375 H&H na .458 Winchester, hawana taabu kubwa. Taabu ni ya wenye silaha za zamani. Baadhi ni za Kijerumani. Nyingine ni za Kiingereza, kama .404 Jeffery iliyotoka mwaka 1905, ambayo askari wa wanyamapori enzi za Tanganyika waliitumia kulinda mashamba dhidi ya tembo.

Chanzo cha uhaba huo ni historia ya biashara. Kwa miongo mingi risasi hizo zilitoka Uingereza zikiwa na chapa ya Kynoch. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 uzalishaji wa vipimo vikubwa vya uwindaji ulisitishwa, kwani makoloni yalikuwa yamekwisha na wanunuzi wamepungua. Chapa hiyo ilifufuliwa miaka ya 1990, lakini kwa uzalishaji mdogo na bei kubwa.

Hapa nchini, mfanyabiashara mwenye leseni anayetaka kuingiza risasi sharti apate kibali. Gharama za kibali, usafiri na ulinzi hazipungui sana hata shehena ikiwa ndogo. Ni dhahiri kwamba ataagiza vipimo vinavyotoka haraka, si maboksi mawili ya mteja mmoja wa Kawe. Msafiri naye hawezi kuziba pengo hilo kirahisi. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu risasi zisizozidi kilo tano kwa abiria, tena kwa idhini ya shirika la ndege na vibali vya nchi husika, na hukataza kabisa baruti na fataki zisizofungwa ndani ya risasi.

Marekani na Ulaya, wenye bunduki adimu hujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika. Kinachohitajika ni ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi. Hata huko vitu hivyo vimekuwa haba. Mwaka 2020 mahitaji yalipanda ghafla na fataki zikatoweka madukani. Tangu mwaka 2022 vita vya Ukraine vimeongeza ushindani wa malighafi ya baruti. Viwanda vikizidiwa, vipimo adimu ndivyo huwekwa kando kwanza.

Kwa Tanzania, kujaza risasi nyumbani kuna kikwazo kikubwa zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa anayetengeneza risasi. Dar es Salaam, kwa upande wake, haijasahau mabomu ya Mbagala ya Aprili 29, 2009, wala ya Gongo la Mboto ya Februari 16, 2011, yaliyoua makumi ya watu. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, si kopo la baruti kabatini. Hata hivyo, katika mitaa iliyobanana, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba baruti chumbani ni jambo dogo.

Hatari nyingine ni ya mwenye bunduki kujaribu risasi "inayokaribiana". Risasi ya Kijerumani ya milimita nane ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa chenye kipenyo cha takriban milimita 8.07, ile iliyoanza mwaka 1905 ina milimita 8.2. Ganda lake linaweza kuingia katika bunduki ya zamani bila shida. Kichwa kipana kikisukumwa katika mtutu mwembamba, shinikizo hupanda na bunduki inaweza kumpasukia mfyatuaji usoni.

Tatizo hili si geni nchini. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyobeba silaha kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Risasi ziliopolewa zikiwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, kisha zikajazwa upya. Novemba 1917, risasi zikiwa zimepungua tena, jeshi hilo lilivuka Ruvuma, likaiteka kambi ya Wareno huko Ngomano na kuchukua bunduki pamoja na risasi zake. Bunduki nyingi kuukuu ziliachwa. Hazikuwa zimevunjika, zilikosa chakula.

Raia wa leo hana Ngomano ya kuteka. Anachohitaji ni utaratibu. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia. Kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kuonyesha ni silaha ngapi za vipimo adimu zilizopo na ziko wapi. Idadi ikijulikana, wamiliki wanaweza kuunganishwa katika agizo moja kupitia mfanyabiashara mwenye leseni, au Shirika la Mzinga la Morogoro, lenye ujuzi wa kutengeneza risasi, likaombwa kupima uwezekano wa kujaza maganda chini ya ulinzi. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911, iliyokuwa ikielekea kufa, ilifufuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya viwanda vya Marekani kuona kuna wanunuzi wa kutosha.

Kwa wasiohitaji tena kufyatua, njia nyepesi ni kuisalimisha silaha, kama wananchi walivyohimizwa kuzisalimisha zisizo halali Septemba na Oktoba 2023. Pangekuwepo pia utaratibu ulio wazi wa kuilemaza bunduki ili ibaki kumbukumbu ya ukoo, familia nyingi zingeondokewa na mzigo.

Kuliacha jambo hili lilivyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mwenye leseni halali asiyeona mlango wa halali wa kupata risasi atashawishika kupita uchochoroni, na kumbukumbu za mlalo wa risasi za uchochoroni haziko katika daftari la Polisi wala la muuzaji. Udhibiti wa silaha usioangalia risasi zake ni udhibiti wa nusu.