Kompyuta Isiyoonyesha Kitu: Ichunguzwe Kabla ya Kubadilishwa Vipuri

Mwanafunzi aundaye kompyuta yake ya kwanza kwa mikono yake hufikia saa ya kubonyeza swichi akiwa na matumaini makubwa. Feni zinazunguka, taa ndogo inawaka, lakini monita inabaki nyeusi. Hapo ndipo hutangazwa, bila ushahidi wowote, kwamba kipuri fulani kimeungua. Kisha vipuri huanza kubadilishwa, pengine vitatu kwa mpigo, mpaka picha itokee. Nayo ikitokea, hakuna ajuaye kwa nini.

Desturi hiyo, ambayo hata baadhi ya walimu wanayo, haina budi kuachwa. Gharama ni sababu mojawapo, kwani bei ya prosesa si jambo dogo kwa mzazi. Lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi ananyimwa nafasi adimu ya kutafuta chanzo cha jambo kwa akili yake.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba monita ni kituo cha mwisho cha safari ndefu. Umeme hutoka katika kisanduku cha ugavi na kuingia kwenye bodi kuu. Prosesa huamka, husoma programu ya kuanzia iliyomo katika chipu ya bodi, hukagua kumbukumbu, ndipo hutafuta njia ya kutolea picha. Safari ikikatika popote, kionekanacho ni weusi ule ule. Tena kompyuta yaweza kufanya kazi bila kuonyesha picha. Altair 8800, iliyouzwa Marekani kuanzia 1975 kwa watu waliopenda kuiunganisha wenyewe, haikuwa na kioo kabisa. Iliamriwa kwa swichi na kusomwa kwa vitaa vya mbele.

Feni nazo hudanganya. Kuzunguka kwazo huthibitisha kwamba umeme umezifikia feni, basi. Prosesa ina plagi yake ya umeme, aghalabu yenye pini 4 au 8, mbali na ile kubwa ya bodi yenye pini 24. Ikisahauliwa, feni huweza kuzunguka vizuri huku prosesa imelala. Kipimo kilicho bora kuliko feni hakigharimu hata senti: kitufe cha Caps Lock katika kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila kinapobonyezwa, yaelekea kompyuta iko hai, na hitilafu itafutwe katika njia ya picha. Mara nyingi kebo hukutwa imechomekwa kwenye bodi kuu, ilhali prosesa hiyo haina sehemu ya kutengeneza picha. Mahali pake palikuwa kwenye kadi ya picha.

Taa isipotii, subira itangulie. Mashine zenye kumbukumbu za aina ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujipima zinapowashwa mara ya kwanza, na mtu mwenye haraka huizima katikati ya kazi hiyo. Weusi ukiendelea, plagi ichomolewe ukutani, bodi itolewe katika sanduku la chuma, ilazwe juu ya kadibodi kavu, ibakiwe na prosesa na feni yake, kibao kimoja cha kumbukumbu na njia moja ya picha. Kutoka hapo kiongezwe kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na mwanafunzi aandike daftarini anachotarajia kabla ya kuwasha. Sharti hili la daftari ndilo wanafunzi hulichukia kuliko yote, na ndilo mwalimu asilegeze.

Wapo watakaosema kwamba mafundi mjini hubadilisha vipuri na hufaulu. Ni kweli. Lakini fundi hutumia kipuri ambacho amekwisha kukijaribu katika mashine nyingine. Mwanafunzi mwenye kipuri kipya ambacho hakijapata kuwashwa popote anaondoa shaka moja na kuweka nyingine.

Kisanduku cha umeme peke yake kisiguswe ndani. Kapasita zake huweza kuhifadhi chaji ya hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Kikithibitika kibovu, kibadilishwe kizima, na skrubu zake zibaki zilivyo.